Mtoto Anapofariki Kabla ya Kujulikana: Funzo Kutoka kwa Ndoa ya Dakta Krapf na Rosine



Leo katika ukurasa wetu tunataka kuzungumza nanyi juu ya msiba ambao hauna turubai, hauna kamati ya mazishi wala harambee. Ninyi mnaoishi Birongo na vijiji vingine vya Kisii na Nyamira mnaufahamu vizuri. Mama anakwenda hospitali mjini Kisii akiwa na mfuko wa nguo za mtoto. Baada ya siku mbili anarudi na mfuko uleule, nguo zikiwa zimekunjwa kama alivyozikunja mwenyewe. Anashuka kwenye matatu pale sokoni, na wanaomfahamu wanageuza macho. Hakuna anayemuuliza lolote. Wiki chache baadaye anaonekana tena akichuma majani chai, na watu wanaambiana kwamba afadhali, ameshasahau.

Hajasahau. Wala mume wake hajasahau, yeye aliyebaki kushughulikia malipo ya hospitali na kutafuta mahali pa kumzika mtoto ambaye ndugu zake hawakupata hata kumwona.

Msiba huu si wa watu wachache. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Hapo hawajahesabiwa wale wanaozaliwa wakiwa wameshafariki, wala mimba zinazotoka mapema. Kwa hiyo katika kila jumuiya kuna mlango ambao msiba huu umeshabisha hodi.

Katika nyumba nyingi kinachofuata ni kimya. Mume hasemi neno akidhani anamsaidia mkewe asikumbuke. Mke hasemi neno akidhani mumewe hajali. Wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na machozi yake. Miezi inapita, na kifo cha mtoto kinaanza kuidhoofisha ndoa yenyewe.

Ndiyo sababu tumeamua kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye watoto wenu wanamsoma shuleni. Ni Dakta Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, Mzungu wa kwanza anayejulikana kuwa aliuona Mlima Kenya. Wengi wanamfahamu kwa mlima huo na kwa kamusi yake ya Kiswahili. Wachache wanajua kwamba alikuwa baba aliyezika binti wawili, na mama yao pia, katika muda usiofika miaka miwili. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti aliyetumwa na shirika la wamisionari la Kianglikana kutoka London. Lakini msiba hauulizi dhehebu, na tunaweza kujifunza kutoka kwake.

MKULIMA ALIYEPENDA LUGHA

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, kama wengi wenu. Alipokuwa kijana alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia, akaishi katika ufalme wa Shoa na kujifunza lugha za watu wa huko.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa ili kwenda kumpokea mchumba wake. Njiani alinyang'anywa karibu kila kitu alichokuwa nacho. Hata hivyo alifika Misri, na mwaka huohuo wakafunga ndoa mjini Alexandria. Bibi arusi aliitwa Rosine Dietrich. Hakuolewa ili akae katika nyumba nzuri huko Ulaya. Alijua anakwenda safari ndefu, katika nchi asiyoijua, pamoja na mume ambaye hakuwa na mali.

CHOZI KANDO YA NJIA

Mwaka 1843 Krapf na Rosine walijaribu kurudi Ethiopia kupitia pwani ya Bahari ya Shamu. Wakubwa wa Tigre waliwakataza kuendelea, ikawabidi wageuke na kurudi pwani. Wakati huo Rosine alikuwa mjamzito. Wakiwa katikati ya nyika ya Washoho, mbali na kijiji chochote, uchungu ulimshika kabla ya wakati. Akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto yule hakuishi. Lakini kabla hajafariki baba yake alimbatiza na kumpa jina. Alimwita Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Kisha akamzika chini ya mti, kando ya njia waliyokuwa wakipita.

Ninyi wazazi wa Gusii mnaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Kwenu mtoto wa kike aliyezaliwa njiani huitwa Nyanchera, na wa kiume huitwa Makori. Jina linasema mtoto alikuja lini na wapi, na linasema kwamba alikuja kweli. Krapf angaliweza kusema kwamba mtoto wa muda mfupi kama huo hahitaji jina. Hakusema hivyo. Alimpa jina kwa sababu alikuwa mtoto wake wa kwanza, na hakuna baba anayezika kitu kisicho na jina.

Sasa msikilize jambo la kusikitisha zaidi. Wale Washoho waliokuwa wakiwasindikiza hawakukubali kungoja. Siku ya tatu baada ya kujifungua, ilimbidi Rosine aanze tena safari. Hapakuwa na kijiji cha karibu ambako angepumzika. Aliuacha ule mti nyuma yake, akaenda.

Akina mama mnajua siku ya tatu ni siku gani. Ndiyo siku ambayo kwa kawaida maziwa huanza kujaa kifuani. Mtoto hayupo, lakini mwili wa mama haujapata habari. Matiti yanavimba na kuuma, damu bado inatoka, na mama analia bila kujua ni maumivu yapi yanamliza. Katika hali hiyo ndipo Rosine alipoambiwa asafiri.

Tunaweza kuwalaumu wale wasindikizaji. Lakini tujiulize kwanza. Je, sisi hatuwafanyi mama zetu vivyo hivyo? Yule aliyejifungua mtoto hai hupikiwa uji wa wimbi na mboga ya chinsaga, na shemeji zake humtekea maji. Yule aliyejifungua mtoto mfu hushika jembe wiki hiyohiyo, kana kwamba hakujifungua. Kumbe naye ametoka kwenye uchungu uleule, na mwili wake umepoteza damu ileile. Tofauti ni kwamba yeye hana wa kumpakata.

MOMBASA, JULAI 1844

Baada ya hapo Krapf na Rosine waliamua kujaribu njia nyingine, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Walisafiri kwa jahazi kutoka Aden, na mwanzoni mwa Januari 1844 wakafika Unguja. Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa watawala wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo walikuwa wamehamia Mombasa.

Rosine alikuwa mjamzito tena. Mama ambaye amewahi kupoteza mtoto anajua mimba ya pili inavyobebwa. Kila maumivu kidogo yanamtia hofu. Kila siku mtoto anapochelewa kucheza tumboni, moyo unasimama. Watu wanamwambia afurahi, naye anaogopa kufurahi.

Krapf kwa upande wake alikuwa ameanza kazi. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Mkristo na Mwislamu waliketi pamoja kutafuta maneno. Ilionekana kwamba sasa maisha ya familia hii yatatulia.

Mwezi wa Julai homa iliingia nyumbani. Krapf ndiye aliyeshikwa kwanza. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache naye akapatwa na homa. Leo tunajua kwamba homa za namna hiyo za pwani zilikuwa hasa malaria, na kwamba huletwa na mbu. Wakati ule hakuna aliyejua hivyo. Mume na mke walikuwa wamelala wagonjwa katika nyumba moja, wala Krapf hakuwa na nguvu za kumhudumia mkewe. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki. Mtoto wake mchanga alimfuata muda mfupi baadaye.

Kabla ya kufa Rosine aliomba azikwe upande wa bara, wala si kisiwani, ili kaburi lake liwe mahali ambapo wenyeji wa bara watapita na kuliona. Mumewe alitimiza ombi hilo. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, na hadi leo watu hufika pale. Krapf aliwaandikia wakubwa wake huko London kwamba kaburi hilo la upweke ni alama ya kwamba kazi imeanza katika nchi hii.

Hivyo mtoto wa kwanza alizikwa chini ya mti kando ya njia, na wa pili pamoja na mama yake mahali ambapo watu wangepita. Hakuna aliyezikwa kwa siri.

BABA ALIYEBAKI PEKE YAKE

Fikirini sasa hali ya mwanamume huyu. Ana umri wa miaka 34. Ana homa. Nyumba aliyoitayarisha kwa mke na mtoto ni tupu. Yule mtu mmoja duniani aliyejua juu ya ule mti katika nyika, aliyelia naye pale, sasa hayupo. Kwa muda wa karibu miaka miwili hakuwa na mmisionari mwenzake hata mmoja, mpaka Johannes Rebmann alipofika mwezi wa Juni 1846. Miezi miwili baadaye wote wawili walihamia Rabai na kuanzisha misheni huko.

Krapf alifanya kazi kwa bidii. Aliendelea kutafsiri Biblia na kukusanya maneno. Mwaka 1850 kilitolewa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Mwaka uliotangulia, tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa ameuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kurudi Ulaya. Huko alioa tena, lakini hakuisahau Afrika Mashariki. Mwaka 1862 alikuwa tena pwani, akiwasaidia Wamethodisti kuanzisha misheni ya Ribe. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 mjini Korntal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, akiwa ameaga dunia katika sala. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa London mwaka 1882, baada ya kifo chake.

Kazi ilimsaidia kusimama. Lakini msidhani kazi ilifuta huzuni. Alipoandika kitabu cha safari zake, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1860, yaani karibu miaka 17 baada ya siku ile katika nyika, aliandika juu ya Eneba, juu ya jina lake na juu ya mti ule. Mlima aliuona mara moja akauandika. Na mtoto yule aliyeishi muda mfupi sana, baba yake alimwandika pia.

Wapendwa wanandoa, hapa ndipo ndoa yenu inapopishana na maisha ya Krapf. Yeye baada ya msiba wa Mombasa hakubaki na mtu wa kulia naye. Ninyi mnaye. Mwenzako aliye hapo jikoni au zizini ndiye mtu pekee duniani aliyempoteza mtoto yuleyule uliyempoteza wewe. Mkinyamaziana, kila mmoja wenu anachagua upweke ambao Krapf aliletewa na kifo.

WANANDOA MFANYE NINI?

Kwanza, mwiteni mtoto wenu kwa jina. Hata kama mimba ilitoka mapema, hata kama hamkujua ni mvulana au msichana, mnaweza kumpa jina la kumkumbuka. Mtakapozungumza juu yake mtakuwa na neno la kutumia, badala ya kusema ile shida ya mwaka ule.

Pili, mume, usijifiche. Mila zetu zinamtaka mwanamume awe imara. Lakini mke wako akiona macho yako makavu kila siku, atadhani mtoto huyu alikuwa wake peke yake. Mwambie kwamba nawe unaumia. Kaa naye jioni. Na wewe mke, elewa kwamba huenda mumeo analilia shambani, au anafanya kazi mpaka usiku kwa sababu hajui namna nyingine ya kuomboleza. Watu wawili hawaombolezi kwa mwendo mmoja. Mngojeane.

Tatu, msitafute mkosaji. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo wa kutungwa kwake. Si kwa sababu mama aliteka maji, wala si kwa sababu mligombana. Watoto wengine hufariki kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa ugonjwa wa mama kama malaria au shinikizo la damu, au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Muulizeni daktari sababu, ili ikiwezekana mimba nyingine ilindwe vizuri zaidi. Lakini msimlaumu mama, wala msikubali mtu awanong'oneze kwamba bibi fulani wa jirani amewaroga. Mnajua huko kwetu maneno ya namna hiyo huishia wapi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake 4 wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Msiruhusu huzuni yenu izae kifo kingine.

Nne, mutunze mwili wa mama. Kwa maziwa yaliyojaa, kitambaa chenye maji baridi na sidiria inayobana kiasi husaidia, na akamue kidogo tu anapoumia sana, kwa maana akikamua yote yatajaa tena. Akiwa na homa, akitokwa na damu nyingi au uchafu unaonuka, au akiumwa sana tumboni, arudi hospitali mara moja. Na kama majuma yanapita naye hali wala halali, au anatamani kufa, huo si uvivu wala ukosefu wa imani. Ni ugonjwa unaohitaji mganga wa hospitali kama ugonjwa mwingine wowote.

Tano, msikimbilie mimba nyingine ili kuziba pengo. Mwili wa mama upate nguvu kwanza, na mioyo yenu pia. Mzungumze na daktari kuhusu wakati unaofaa. Mtoto atakayekuja baadaye ana haki ya kuja kama yeye mwenyewe, wala si kama badala ya mwingine.

JIRANI NA JUMUIYA

Neno hili ni kwa ninyi mnaokwenda kuwafariji. Msiba wa namna hii unawaogopesha watu kwa sababu hawajui la kusema. Basi msiseme mengi. Kuna maneno yanayotolewa kwa nia njema lakini yanachoma. Kumwambia mama kwamba bado ni kijana atapata mwingine, kwamba afadhali amekufa kabla hawajamzoea, au kwamba Mungu alimhitaji malaika, hakumpunguzii mzigo. Kumpa pole na kuketi naye kunatosha.

Fanyeni yale mnayoyajua kwa mama aliyejifungua. Mpelekeeni uji wa wimbi. Mpikieni chinsaga. Mtu mmoja ateke maji, mwingine achume chai yake na kuipeleka kituoni, mwingine awaangalie watoto wakubwa. Chama cha Wanawake Wakatoliki kinaweza kupanga zamu ya majuma mawili hivi bila gharama yoyote. Na wanaume wa jumuiya wasimwache baba achimbe kaburi peke yake. Waende, washike jembe pamoja naye, kisha mmoja wao arudi kumwona baada ya mwezi, wakati ambapo wengine wote wameshaacha kuja. Krapf alikosa watu wa namna hii kwa karibu miaka miwili. Mtu wa Birongo hana sababu ya kuwakosa.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli. Kwa hiyo yule mama wa jumuiya aliyewahi kupatwa na jambo hili ndiye anayefaa kutangulia kubisha hodi. Kuja kwake kutasema zaidi ya hotuba.

KANISA LINATUAMBIA NINI?

Wazazi wengi Wakatoliki wanateswa na swali moja, hasa wale ambao mtoto wao hakubatizwa. Wengine waliwasikia wazee wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi kuingia mbinguni. Wapendwa, haya si mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, na inatukumbusha jinsi Yesu alivyowapenda watoto wadogo. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka mzima juu ya tumaini la wokovu kwa watoto waliofariki bila ubatizo. Tunaruhusiwa kutumaini, tena kutumaini sana.

Jueni pia mambo mawili ya kusaidia. Mtoto aliye hai akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata muuguzi au baba mwenyewe kama alivyofanya Krapf. Anammiminia maji kichwani akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akiwa na nia ya kutenda lile Kanisa linalolitenda. Na ikiwa mtoto alifariki kabla ya kubatizwa huku wazazi walikuwa na nia ya kumbatiza, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1183, inamruhusu Askofu kukubali afanyiwe maziko ya Kanisa. Kwa hiyo nendeni kwa paroko wenu bila aibu mkamwombe. Hata kama ni sala fupi kando ya kaburi dogo nyuma ya migomba, mwombeni aje, au katekista aje.

Kisha kila mwaka, tarehe 2 Novemba tunapowaombea marehemu wote, au tarehe 28 Desemba katika sikukuu ya Watoto Mashahidi, washeni mshumaa nyumbani na kumtaja mtoto wenu kwa jina. Waiteni wadogo zake wajue kwamba walikuwa na ndugu.

MASWALI YA KUJADILIANA JIONI HII

1. Je, kuna mtoto tuliyempoteza ambaye hatujawahi kumzungumzia sisi wawili? Tunaweza kumpa jina leo?

2. Wakati ule, mimi nilihitaji nini kutoka kwako nami sikukuambia?

3. Ni nyumba gani katika jumuiya yetu imepatwa na msiba huu mwaka huu? Ni nani kati yetu atakayekwenda, na lini?

Mkimaliza kujibu, shikaneni mikono na msali Baba Yetu na Salamu Maria, kwa ajili ya mtoto wenu na kwa ajili ya watoto wote waliozikwa kando ya njia. Bikira Maria, aliyempakata Mwanawe chini ya msalaba, awafariji. Na swali la tatu msiliache hapa kwenye ukurasa. Kesho asubuhi mmoja wenu abebe chupa ya uji, aende akabishe hodi.